Koplo Alikuwa na Mwenyewe

Sikuombi uamini. Nakwambia tu kwamba ilitokea, na ilinitokea mimi, asubuhi kunapambazuka, macho yangu wazi na chai ya tangawizi ikiwa bado moto tumboni. Pombe sijawahi kuonja. Kutembea usingizini sijui. Nimekuwa nesi maisha yangu yote ya kazi, mtu wa sindano na vidonge, na mgonjwa akinijia na habari za mizimu nilikuwa nampima homa kwanza, halafu ndipo namsikiliza. Kwa hiyo hata siku ile, niliporudi nyumbani, nilijitia kipimajoto kwapani. Sikuwa na homa. Basi kaa nikusimulie.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa hapa Kampala. Baba yangu alikuwa askari aliyetoka kaskazini, na mume wangu naye akawa askari kutoka kule kule. Kambini watoto wa kila kabila tuligombana na kupatana kwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo ndicho ninachoota nacho. Nikasomea unesi, nikapangiwa zahanati ya kambi, na hapo nikakaa mpaka nywele zikawa mvi. Wanawake wa kambini hawakujua saa. Mlango uligongwa wakati wowote. "Sista, mtoto anachemka." "Musawo, chupa imepasuka." Musawo ndivyo Waganda wanavyomwita kila mtu anayeshika sindano, awe daktari awe nesi, na jina hilo lilinishika kuliko lile nililobatizwa.

Halafu nikastaafu. Nilikabidhi funguo, nikahamia Kisugu, kwenye nyumba ndogo aliyoijenga marehemu mume wangu mtelemkoni. Watoto wangu wana kwao. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka kabla ya jogoo, navaa, nakaa ukingoni mwa kitanda na viatu mguuni, nikingoja mlango ugongwe. Haukugongwa. Kuamshwa nilikuzoea, nikikulalamikia kila siku. Kutoamshwa hakuna aliyenifundisha.

Mbwa ndio walionitoa kitandani. Wa kwanza ni Sukari, jike mdogo mweupe wa madoadoa, binti yangu aliniachia alipokwenda kuishi Gulu kwa mumewe. Wa pili hakuna aliyenipa. Alikuja siku ya mvua kubwa, wiki ile ile niliyokabidhi funguo, akalala barazani kwangu kana kwamba ametumwa pale na anasubiri kupokelewa. Dume la rangi ya udongo, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama kulabu. Kwenye mguu wa mbele alikuwa na michirizi miwili myeupe iliyopindana kama tepe za koplo, ndipo nikampa jina. Niliuliza jirani kwa jirani kama kuna aliyepotelewa na mbwa. Hakuna. Koplo hakubweka hata siku moja. Si kwa mwizi, si kwa paka, si kwa wahubiri wa mlango kwa mlango. Na shingoni alikuwa na pete isiyo na manyoya, ngozi tupu iliyong'aa, ya mbwa aliyevaa kitu kwa miaka mingi.

Tukaanza kutembea. Kwanza mpaka dukani, kisha mpaka relini, kisha ng'ambo ya reli mpaka yanapoanza mashamba ya magimbi na miwa, na baada ya hapo mafunjo, kinamasi chenyewe, kijani mpaka jicho linachoka. Watu wa Kampala huogopa mbwa, unajua. Watoto walikuwa wanapanda ukutani. Vijana wa bodaboda wa pale kona walinicheka.

"Musawo, sasa wewe nachunga mbwa kama mbuzi?"

"Hawa hawali majani yenu," nikawajibu. "Wanakula vijana wavivu."

Niamini nikikwambia kwamba nilikuwa sijauona mji huu. Miaka yote hiyo, na sikujua kwamba umande wa asubuhi unakaa kwenye jani la gimbi bila kulilowesha, unabingirika tu kama zebaki. Sikujua kwamba korongo wale wakubwa wenye vipara, tuliozoea kuwaona wakipekua taka za soko la Nakivubo, alfajiri husimama kwenye maji kimya, wamekunja shingo, wamependeza. Nilikuwa najua mji kwa magonjwa yake: huku kuna kipindupindu, kule kuna malaria. Sasa nikaujua kwa harufu. Sukari alikuwa anaukimbilia kila mnuso, na Koplo anatembea taratibu, pua juu, kama mtu anayesoma. Nilianza kupungua kiuno. Nilianza kulala usingizi wa maana. Nilikuwa na furaha, nakwambia bila aibu.

Siku nyingine tulifuatana na jirani yangu, Mama Neema. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, alikimbia vita na wanawe, sasa anauza vitenge. Kila asubuhi alikuwa akishuka kuzunguka kwa wateja wake wa ng'ambo ya reli, basi tukasindikizana. Kiswahili chake na changu havikutoka tumbo moja, penye ndiyo yangu yeye husema njo, lakini tulielewana. Mwanamke wa sala sana. Kila tulipofika relini alisimama, akafumba macho, akasali Baba Yetu kwa sauti, ndipo avuke. Mimi na mbwa tulimngojea.

Kengele niliisikia mara ya kwanza msimu wa mvua ulipoanza. Si kengele ya chuma. Sauti ya mti, nzito, ko, ko, ko, kutoka ndani ya mafunjo. Nilidhani ni mtu anakata kuni. Koplo alisimama. Masikio yake yaligeukia kule kama milango miwili inayofunguliwa. Tukarudi nyumbani, na usiku ule hakula.

Kesho yake nikaisikia tena, na siku iliyofuata, kila siku ikiwa mbali kidogo ndani ya kinamasi, au karibu kidogo, sikuweza kupambanua. Nilimwuliza Mama Neema kama anaisikia.

"Miye nasikia tu vyura," alisema.

Sasa ikafika asubuhi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ikakatika kabla ya kupambazuka. Ukungu ulitoka kinamasini ukapanda mpaka relini, mweupe, mzito, wa uvuguvugu, ukawa unakuja na harufu ya maua ya majini. Mama Neema alisimama kwenye mataruma, akafumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni," akaanza. Kengele ikalia. Ko, ko, ko. Safari hii ilikuwa karibu kabisa, kama mtu anayeita kuku.

Koplo akatoa sauti. Mbwa ambaye sijapata kumsikia, akatoa sauti, na haikuwa kubweka. Ilikuwa kama mtu anayeimba mdomo ukiwa umefungwa. Kisha akavuta kamba, si kwa fujo, kwa uthabiti tu, nami nikaenda. Sukari nilimshika kwa mkono mwingine. Nilisema moyoni, natangulia kidogo, Mama Neema atanikuta.

Palikuwa na njia kati ya mafunjo. Mimi niliyajua mafunjo yale, nilikuwa nimeyatembea ukingo wote, na njia ile haikuwapo jana yake. Upana wa mkeka, kavu, imesagika kwa miguu. Je, mtu mwenye akili timamu anaingia? Najiuliza mpaka leo. Lakini hapo haikuwa kama kuingia mahali. Ilikuwa kama usingizi unapokuchukua, wewe hujui ni saa ngapi umeshachukuliwa. Niliona tu kelele za mji zikiondoka moja moja. Kwanza bodaboda. Halafu majogoo. Halafu adhana ya mbali. Mwisho sauti ya Mama Neema ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikakatika. Kama mtu anayezima taa nyumbani, chumba baada ya chumba.

Tukatokea kwenye nyasi.

Nyasi ndefu, za rangi ya simba, zenye umande, mpaka kiunoni mwangu. Mbele kulikuwa na vilima. Nilivitambua. Unamtambua mtu kwa mgongo hata kama hajageuka, sivyo? Ndivyo nilivyovitambua. Kile kilikuwa Muyenga, kile Nsambya, na kile cha mbali kabisa, chenye bega la kushoto lililoinama, ni Old Kampala. Lakini havikuwa na kitu. Hakuna nyumba, hakuna mnara wa msikiti, hakuna bati hata moja linalong'aa. Nyasi tu, na miti hapa na pale, na swala. Swala wengi sana, wakila taratibu, ukungu ukipita katikati ya miguu yao. Mmoja aliinua kichwa akanitazama, kisha akaendelea kula. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha sasa, kwamba sikuogopa. Nilihisi joto zuri kifuani, kama la mtu aliyefika nyumbani akakuta taa inawaka.

Mtu alikuwa ameketi chini kwenye nyasi. Mfupi, mzee kidogo kuliko mimi, amevaa nguo ya gome la mti iliyofungwa begani. Kando yake mkuki umelala na wavu wa kuwindia umekunjwa vizuri. Mkononi alikuwa na kengele ya mti yenye kamba ya ngozi, anaitikisa polepole.

"Umekawia," alisema. Hakuniambia mimi. Alimwambia mbwa.

Akamwita kwa jina. Jina hilo nalijua mpaka leo na silitamki. Koplo alimwendea kwa tumbo, akamlamba mikono, akaimba ile sauti yake. Yule mtu akamfunga kengele shingoni, na nakuapia, kamba ilikaa pale pale kwenye ile pete isiyo na manyoya, kama pete ya ndoa kwenye kidole chake.

Usiniulize tulisema lugha gani. Sidhani alisema Kiswahili. Sidhani kilikuwa Kiganda. Nilielewa, yeye akanielewa, basi.

"Mbwa wako?" nikamwuliza.

"Nilimtuma akalete mtu."

Ndipo nikaona paja lake. Nesi hawezi kuliona jambo kama lile akasimama tu. Lilikuwa limepasuliwa toka juu ya goti mpaka karibu na nyonga, jeraha refu, la kina, la pembe.

"Nyati?" nikauliza.

"Nyati."

"Lini?"

Alitazama vilima, kama mtu uliyemwuliza mvua hii imeanza lini. "Nyasi zimeungua mara nyingi," alisema.

Nikapiga magoti. Jeraha halikuwa na damu. Halikuwa na usaha, wala harufu, wala nzi. Kingo zake zilikuwa nyeupe, na nilipogusa, nyama ilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nimefunga majeraha ya kila aina, ya panga, ya risasi, ya mke aliyemwagiwa uji, sijapata kugusa jeraha kama lile. Lakini mikono ina kumbukumbu yake. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikalifunga kama ninavyojua, toka chini kwenda juu, si kwa kukaza sana. Nilimwuliza kama anaumia.

"Nilikuwa naumia," alisema.

Akavuta pumzi ndefu. Sijui kama uliwahi kukaa na mgonjwa aliyehangaika usiku kucha, halafu dawa ikamshika. Uso wake ulifanya hivyo. Kisha akasimama. Umande haukumwagika kwenye nyasi alizozigusa. Hilo nililiona vizuri.

"Musawo," akaniita. Sikuwa nimemwambia. "Wapo na wengine."

Akaonyesha kilimani kwa kidevu. Nilikuwa nimedhani ni mawe. Walikuwa watu. Walikuwa wameketi kwenye nyasi kote mtelemkoni, wengine wameegemeana. Mama mwenye mtoto mapajani. Mwanamume ameshika taya. Bibi kizee amenyoosha miguu iliyovimba. Watoto wengi, wengi kuliko watu wazima, wamekaa kwa makundi bila kucheza. Hakuna aliyelia. Walikaa kama watu wanavyokaa kwenye benchi nje ya zahanati, bega kwa bega, uso kuelekea mlangoni. Na mlango ulikuwa mimi.

Sasa nitakwambia ukweli wangu. Nilitaka kwenda. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenitisha. Wiki nyingi nilikuwa nimekaa kitandani na viatu mguuni bila mtu kunihitaji, na hapa kilima kizima kilikuwa kinaningoja. Nilianza kupanda. Nyasi zilifunguka zenyewe. Nilikuwa nimeshamchagua wa kwanza, yule mtoto mapajani mwa mama yake, maana alikuwa anapumua kwa mbavu, na wewe ukimwona mtoto anapumua kwa mbavu hupangi foleni.

Kamba ikanikaza mkononi. Sukari alikuwa amelala chini. Amejibandika ardhini kama ngozi iliyoanikwa, macho yametoka, hataki. Nikamvuta, akateleza kidogo, akang'ang'ania. Nikageuka kumkemea, na hapo, nikiwa nimegeuka, nikasikia kwa mbali sana, kama kutoka chini ya maji, sauti ya Mama Neema: "Utupe leo riziki yetu." Nikaiona njia ya mafunjo tuliyotokea. Ilikuwa si upana wa mkeka tena. Ilikuwa upana wa mtu mmoja anayepita kiubavu.

Nikatazama tena kilimani. Wale watu hawakuishia pale nilipodhani. Walikwenda juu, wakapita mgongo wa kilima, wakashuka upande wa pili, na kwenye kilima cha nyuma yake pia nyasi zilikuwa na vile vitu nilivyodhani mawe. Nikaelewa kwamba nikimshika yule mtoto, nitamshika na anayefuata, na anayefuata, na sitashuka tena.

Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mlangoni kwa mtu yeyote.

"Mimi nimestaafu." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto mdogo. "Zamu yangu imekwisha."

Yule mwindaji hakukasirika. Alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

"Tunajua kungoja," alisema.

"Na mbwa?"

"Mbwa ana mwenyewe."

Koplo alinijia. Akaweka paji la uso gotini pangu, kama alivyokuwa akifanya jioni ninaposikiliza redio, akakaa hivyo kidogo. Kisha akageuka, kengele ikalia ko, ko, akamfuata mwenyewe kupanda kilima, wakipita katikati ya wale watu, na wale watu wakasogeza miguu wapite. Kamba yake sikuishika tena. Nikamnyanyua Sukari mikononi nikakimbia.

Nilitokea relini nikasikia, "Amina."

Mama Neema akafumbua macho. Alikuwa amesimama pale pale. Ukungu ulikuwa vile vile. Sala moja, ndugu yangu. Nimepanda kilima, nimefunga jeraha, nimezungumza, nimempoteza mbwa, na yule mwanamke hakuwa amemaliza zaidi ya Baba Yetu moja.

"Mama," akaniambia, "kitambaa yako ya kichwa iko wapi? Na Koplo?"

"Amekwenda kwa mwenyewe."

Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye buti. Sketi yangu ilikuwa imejaa mbegu za nyasi, zile kali zenye miiba zinazoshika nguo, za mbugani. Nazijua, tulizitoa kwenye soksi utotoni tulipopelekwa kwa bibi kaskazini. Hapa kati ya Kisugu na ziwa hazioti. Hapa pana mafunjo, magimbi na matope. Mama Neema aliweka mzigo wake wa vitenge chini, akapiga magoti kwenye mataruma, akaanza kuzichomoa moja moja, akizitupa kwenye mtaro wa maji. Alizitoa na kwenye manyoya ya Sukari.

"Usiingize hii nyumbani," alisema. "Hata moja."

"Kwa nini?"

"Mbegu inaota. Njo kazi yake."

Jua lilipopanda tulishuka wawili kuitafuta njia. Mtu mmoja alikuwa analima magimbi pale, tukamwuliza. Alitutazama kama wendawazimu.

"Nyabo," akaniita, kama Waganda wanavyomwita mama wa heshima, "pale hakuna njia. Pale ni maji tu. Maji ya kuzamisha mtu."

Alichomeka jembe lake kutuonyesha. Mpini ukazama wote.

Nililala siku mbili. Nilimlilia Koplo, sioni haya kusema. Halafu nikaamka nikaanza kutembea tena, maana Sukari alikuwa anakuna mlango, na maana kukaa ndani kungeniua mapema kuliko mizimu. Ila sasa sishuki. Natembea jua likishatoka, na napanda juu, kuelekea Muyenga, kwenye miti ya jakaranda na ndege wa rangi rangi kwenye bustani za wenye nacho. Ukiwa kule unaona mji wote, na mbali unaona mnara wa msikiti wa Old Kampala umesimama. Asubuhi nyingine ukungu unaufunika mnara, kilima kinabaki uchi na bega lake lile la kushoto. Hapo nageuza uso. Na mvua ikinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, nasikia ko, ko, ko chini kwenye mtelemko wa Kisugu. Inapita taratibu, nyumba kwa nyumba, kama nesi anayepita wodini. Kwangu haisimami. Inapunguza mwendo tu.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimekusimulia kisa cha mzee na mbwa wake. Lakini sikukukalisha chini kwa ajili hiyo.

Sukari alizaa. Watoto wa Koplo, wa rangi ya udongo wote, masikio yamesimama. Nilifurahi kama bibi wa kweli. Sikufikiri kitu. Walipoacha kunyonya nikawagawa: mmoja kwa kijana wa bodaboda pale kona, mmoja Old Kampala kwa familia moja yenye duka, mmoja akachukuliwa na mwanamke wa sokoni Nakivubo ambaye sikumwuliza hata jina. Mmoja nilimpa mwalimu mstaafu wa Muyenga, mwanamume aliyefiwa na mwenzake kama mimi, tuliyejuana kwa kupishana asubuhi. Jike mmoja nikabaki naye.

Sikushtuka kwamba habweki. Nilisema bado mdogo. Kisha siku moja nikiwa namwogesha, manyoya ya shingoni yakaniachia mkononi. Yalitoka kwa mviringo, sawasawa. Hakuwahi kuvaa mkanda.

Nikapanda Muyenga siku hiyo hiyo, na slipa miguuni. Mwalimu nilimkuta barazani anakausha viatu vyake. Vilikuwa na matope meusi ya kinamasi.

"Musawo, umenipa mbwa wa ajabu," aliniambia, amechangamka. "Tangu nistaafu sijawahi kufurahia kutembea namna hii. Kila alfajiri ananivuta mpaka chini kule kwenye mafunjo. Kuna utulivu kule. Leo nilisikia kama kengele ya shule."

Nikawakumbuka wale watoto waliokaa kwa makundi kwenye nyasi, bila kucheza. Nikajua kwamba kule hawangoji nesi peke yake.

Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kiatu. Hakunicheka. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Kengele ile ni nzuri sana, Musawo," na macho yake yakatazama bondeni. Siku hizi tunatembea pamoja, mimi na Sukari na yule jike, yeye na wake, jua likishatoka, na tunapanda juu tu. Nikiona anapunguza mwendo namshika mkono. Watu wanasema wazee hawa wanachumbiana. Waache waseme.

Lakini yule wa Nakivubo sijui yuko kwa nani. Wa bodaboda aliuzwa. Na mbwa huzaa, nao watoto wao wanagawiwa, mtu na jirani, mtu na shemeji, na mji huu ni mkubwa. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, hasa wewe uliyemaliza kazi yako juzi na asubuhi zimekuwa ndefu: ukipewa mbwa wa rangi ya udongo asiyebweka, mpende, mlishe, hana kosa lolote. Mpapase shingo. Ukikuta pete ya ngozi tupu, usimfungulie kamba penye ukungu, na mkifika njia panda, chagua wewe. Mtembeze. Usikubali akutembeze.